Mitokondria ni ya mama, lawama je?

Alhamisi, saa sita kasoro usiku, hosteli

Najua nimepotea. Zilikuwa wiki za testi, bumu likachelewa, rumeti wangu akaugua malaria, basi hata hamu ya kuandika ikaisha. Nilikuwa nimepanga nikirudi niwape stori ya likizo ya Masasi, hasa lile basi lililotufia porini usiku wa manane. Itasubiri. Leo nimekuja na hasira zangu, na kama kuna mtu atasoma aone anasemwa yeye, ndiyo, namsema yeye. Jina silitaji kwa sababu tunakula kantini moja.

Jana baada ya semina ya jenetiki tulikuwa kwenye vimbweta, watu kama saba, tunagombania maswali ya mitihani ya nyuma. Likaja lile swali la mitokondria kurithiwa kwa mama. Swali jepesi, kila mtu analo kwenye desa. Hapo mshikaji mmoja, kichwa kweli kweli darasani, hilo silipingi, akatoa lake: "Ndiyo maana mimi siku nikitaka kuoa nitachunguza kwanza ukoo wa mama yake binti. Mtoto akizaliwa amelegea, misuli haina nguvu, hiyo ni mitokondria, na mitokondria ni ya mama. Sayansi imeshafunga kesi." Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Nondo hiyo!

Mimi nilinyamaza. Wanaonijua wanajua si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu sentensi ile nimeisikia tangu utotoni, ila ilikuwa haina neno mitokondria ndani yake.

Mamkubwa wangu, dada yake mama, yuko Newala. Aliolewa kijiji kimoja huko huko mkoani Mtwara, sikitaji. Mwaka 2003, mimi bado nabebwa mgongoni, binti yake wa miaka minane aliamka asubuhi akashindwa kusimama. Hakuwa na homa, hakuwa ameanguka. Miguu ilikakamaa tu, kama mtu kaifunga kamba. Siku chache baadaye na mdogo wake wa kiume naye. Wote wawili wapo hadi leo, Mungu mwema. Dada anashona nguo, ana wateja wake, anatembea kwa fimbo mbili na visigino havigusi chini. Lakini ndoa haikupona. Upande wa baba walikaa kikao na jibu likawa fupi: kwetu hakuna viwete, hii damu ni ya kwao huyo mwanamke. Wengine wakaongeza na uchawi juu yake. Mamkubwa akarudi kwao Newala, vyombo vyake vimefungwa kwenye baiskeli ya mjomba.

Sasa mshikaji kayachukua maneno ya kile kikao cha 2003, kayavalisha koti jeupe la maabara, kayaleta kwenye kimbweta. Na watu wanapiga meza.

Wale msiotoka kusini niwaeleze kitu kwanza. Kwetu Wamakonde, na majirani zetu Wamakua na Wayao wa kule Masasi, ukoo kwa asili unafuata mama. Mtoto ni wa kina mama yake, mjomba ndiye mwenye sauti, na bibi anasimulia kwamba zamani mwanamume akioa alihamia kwa wakwe akajenga huko huko. Siku hizi dini, shule na vyeti vya kuzaliwa vimebadilisha mengi, watu tunaitwa kwa majina ya baba zetu, lakini subiri msiba utokee uone kama mjomba hatafutwi. Kwa hiyo nilipofika kidato cha tano nikasoma kwamba kuna DNA inayopita kwa mama tu, bibi kwa mama, mama kwa binti, nilifurahi kama mwehu. Nikampigia bibi simu: bibi, wazungu wamegundua ukoo wetu! Akaniuliza kama nimekula.

Ila ona watu tulivyo. Mtoto akiongoza mtihani wa wilaya, kichwa kile kakitoa kwa baba yake. Mtoto akilegea miguu, ghafla kila mtu anakumbuka kwamba ukoo ni wa mama.

Haya, twende kwenye somo. Wa Kiswahili na Historia msikimbie, sitoi testi.

Mitokondria ni vile vijumba ndani ya seli vinavyogeuza chakula kuwa nishati ya kutumika. Mwaka 1963, Tanganyika ina miaka miwili tu ya uhuru, Margit Nass na mumewe Sylvan Nass walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba mle ndani mna nyuzi za DNA, mbali na ile ya kwenye kiini cha seli. Mwaka 1981 kikundi cha Cambridge, Uingereza, kikaisoma ya binadamu yote herufi kwa herufi: 16,569. Ni duara dogo lenye jeni 37, na katika hizo ni 13 tu zinazotoa protini. DNA ya kwenye kiini ina herufi kama bilioni tatu, linganisheni wenyewe.

Sasa, mitokondria ili iishi na kufanya kazi inahitaji protini zaidi ya elfu moja. Kwake zinatoka 13. Hizo nyingine zote zinaandikwa kwenye kiini, zinatengenezwa nje, halafu zinaingizwa ndani. Na kiini, mshikaji wangu, ni nusu ya mama na nusu ya baba. Hapa ndipo desa letu linapoishia. Linasema "hurithiwa kwa mama", nukta, linahamia usanisinuru.

Na msidhani ni protini za kuzalisha nishati tu. Lile duara lenyewe, hiyo DNA ya mama tunayoishangilia, haliwezi kujinakili. Halina hata jeni moja ya kujitunza. Protini zake zote 13 ni vipuri vya mitambo ya nishati. Wa kulifunga lisichanike, wa kulifungua, wa kulinakili, wa kusahihisha makosa, wa kuligawa mitokondria inapokatika vipande viwili, wote ni protini zinazotoka kwenye kiini. Bibi angeelewa mara moja: nyumba ni ya upande wa mama, sawa, lakini udongo unakandikwa na nani, na paa linaezekwa na nani? Na yule mume aliyehamia.

Nianze na protini ninayoipenda kuliko zote, TFAM. Duara la DNA ukilinyoosha lina urefu wa maikromita kama tano na ushee. Kifurushi linamokaa kina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya maikromita. Linaingiaje? Molekuli za TFAM kama elfu moja zinalishika duara moja, kila moja inalipinda pale iliposhika, linapindwa na kupindwa mpaka limekuwa kidonge. Kama mtu anavyokunja kanga ndefu mpaka ikatosha kiganjani. Hicho kidonge kinaitwa nukleoidi, na seli moja ina mamia au maelfu ya nakala za hilo duara. TFAM ikipungua, idadi ya nakala nayo inashuka. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba panya walioondolewa jeni ya TFAM kabisa wanakufa wakiwa bado tumboni.

Halafu kuna kunakili. Protini moja inatangulia mbele inaachanisha nyuzi mbili za DNA kama mtu anayefungua zipu. Inaitwa Twinkle. Iligunduliwa mwaka 2001, na walipoiwekea rangi ya kung'aa ilionekana ndani ya mitokondria vinukta vinukta kama nyota usiku. Usiku wa Newala, si wa hapa mjini. Nyuma yake zinakuja protini za kushikilia nyuzi zilizoachana zisijiviringe, na nyuma yao polimerasi gama anayenakili. Huyu polimerasi gama ni kama mchapaji mzuri wa stationari: anachapa, anasoma alichochapa, akikuta kosa anarudi nyuma anafuta. Mwaka 2004 watafiti waliharibu kwa panya sehemu ile ya kusahihisha tu, kuchapa wakakuacha. Panya wakazeeka kabla ya wakati, manyoya yakanyonyoka, migongo ikapinda, mifupa ikalika.

Na mchapaji lazima apewe karatasi. Kuna vimeng'enya kama TK2 na DGUOK vinavyoandaa malighafi za DNA ndani ya mitokondria. Hivi vikigoma, mchapaji yupo, mashine ipo, karatasi hakuna. Nakala zinapungua mpaka seli inaishiwa nguvu.

Kwenye kugawa ndiyo raha. Mitokondria hazikai kama zile maharage tulizochora kidato cha kwanza, zimetulia. Zinaungana, zinakatika, zinatembea. Pale inapotaka kukatika, mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba utando wa retikulamu ya endoplazimu unagusa mahali pale pale ambapo DNA inanakiliwa, halafu protini inayoitwa DRP1 inazunguka kama mkanda na kukaza. Kwa hiyo mkato unapita karibu na nakala zilizotoka kuzaliwa, na kila upande unaondoka na fungu lake. Zile za kuunganisha ni MFN1, MFN2 na OPA1. Zote hizi ni za kiini.

Sasa mshikaji, kaa chini, hapa ndipo kesi yako inapofunguliwa upya.

Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa DNA ya mitokondria. Wanalegea, au ini linakufa, au wanapata kifafa kisichoshikika. Ndio hasa mtoto uliyemwelezea kwenye kimbweta, ukacheka. Wengi wao duara la mama halina kosa hata herufi moja. Kilichoharibika ni jeni ya mtunzaji kwenye kiini: TK2, DGUOK, polimerasi gama. Na mara nyingi ili mtoto augue lazima apate nakala mbovu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Wazazi wote wawili wazima, wanalima, wanacheza ngoma, hakuna anayejua amebeba nini. Mtoto huyo mmewapa nusu kwa nusu. Utachunguza ukoo wa mama yake binti, vizuri, na ukoo wako utachunguzwa na nani?

Si hilo tu. Kuna hitilafu za Twinkle na za polimerasi gama ambazo nakala moja tu mbovu inatosha. Mtu anafikia utu uzima, kope zinaanza kuanguka, macho hayageuki vizuri, misuli inachoka. Ukiiangalia DNA ya mitokondria kwenye misuli yake unakuta imekatika katika vipande vipande. Hitilafu za OPA1 nazo zinaua mshipa wa kuonea, na hapo pia nakala moja inatosha. Hiyo nakala moja inaweza kutoka kwa baba. Someni tena hapo. Baba ambaye hakukupa hata herufi moja ya DNA ya mitokondria anaweza kukupa mtunzaji mbovu anayeiharibu ile uliyopewa na mama. Akitokea mtu wa kikao, atasema nini? "Mitokondria imeoza, ni za mama." Na kweli imeoza! Ila aliyeiozesha katokea mlango mwingine.

Tena kuna jambo la mwaka 2023 lililonifanya nicheke peke yangu laibrari mpaka nikanyooshewa kidole. Kwa nini DNA ya mitokondria ya baba haipiti? Tuliambiwa ya kwake inaingia kwenye yai halafu inaliwa. Watafiti waliochapisha mwaka ule walikuta kwamba mbegu ya kiume ya binadamu iliyokomaa ina mitokondria, lakini ndani DNA nzima hamna. Na TFAM? Ipo kwenye mbegu, lakini imezuiwa isiingie kwenye mitokondria, inabaki kwenye kiini. Yaani hata hiyo kanuni ya "ni ya mama tu", mnayoitumia kama rungu, ni habari ya protini ya kutunza DNA na imeelekezwa wapi. Bila watunzaji hakuna cha mama wala cha baba.

Najua mtanijibu: lakini magonjwa ya kweli ya upande wa mama yapo. Yapo, sikatai. Mwaka 1988 kikundi cha Douglas Wallace kilionyesha kosa la herufi moja kwenye DNA ya mitokondria linalopofusha watu, wengi vijana wa kiume, na linapita kwa mama. Sawa kabisa. Ila angalieni na hapo. Makosa mengi ya namna hiyo hayakai kwenye nakala zote. Mama anaweza kuwa na mchanganyiko, nakala nzima na nakala zenye kosa, na mayai yanapotengenezwa yanagawiwa kwa bahati, kama kuchota kikombe kwenye gunia la choroko na kunde. Yai moja linapata kunde nyingi, jingine chache. Mama huyo huyo, mtoto mmoja anaruka kamba, mwingine haoni. Nani katika hiyo kamchagulia mwenziwe? Kupitisha na kukosea ni vitu viwili. Mwanasheria mzuri hawezi kuvichanganya, sijui mwalimu wa baiolojia anavichanganyaje.

Turudi kwa mamkubwa, maana kuna mtu keshaanza kusema kumbe watoto wale walikuwa na polimerasi mbovu. Hapana. Hawakurithi kitu.

Ugonjwa ule unaitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, linataja miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Msumbiji, mkoani Nampula, ulipiga zaidi ya watu elfu moja mwaka 1981, wao wanauita mantakassa. Tarime ulionekana mwaka 1985. Mkoa wetu wa Mtwara mwaka 1988, halafu tena 2002 na 2003. (Kwa magonjwa hatujambo: hata neno chikungunya dunia nzima imelitoa kwetu, kwenye homa ya uwanda wa Makonde ya 1952 na 1953, neno la Kimakonde la mtu aliyejikunja kwa maumivu.) Konzo unakuja ghafla, unakamata miguu yote miwili, hauzidi lakini hauponi, na unawapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Unafuata muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, miezi na miezi, nyumba ambayo haina mboga ya maana.

Muhogo mchungu una sumu inayotoa sianidi. Sianidi inashika mtambo wa mwisho wa kupumua ndani ya mitokondria, ule unaoitwa saitokromu oksidesi. Moyo wa mtambo huo ni protini tatu, na hizo tatu ni katika zile 13 za duara la mama. Vipande vingine vinatoka kwenye kiini. Unaona ulivyounganishwa, wa mama na wa wote wawili, bega kwa bega, na sianidi haiulizi nani wa ukoo gani. Mwili una kimeng'enya cha kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali, lakini kinahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini tunazokula: samaki, mayai, kunde. Mwaka wa njaa hivyo ndivyo vinavyotoweka kwanza. Jinsi hasa sumu inavyozichagua neva za miguu watafiti bado wanabishana. Kwamba inatokana na chungu hawabishani.

Mama anasema mwaka ule njaa ilibana sana. Watu wa Newala mnajua kwamba juu ya uwanda maji ni shida ya tangu enzi, wanawake wanashuka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani, kwa hiyo kuloweka muhogo siku tatu ni anasa. Sisi tunaanika makopa. Yakikaa juani wiki kadhaa na kusubiri ghalani kidogo, nafuu. Lakini njaa haisubiri ghala. Kuna njia ya mkato inaitwa chinyanya: unatwanga muhogo mbichi, unaanika, unatwanga tena, unaanika tena, jioni ugali. Mamkubwa alilisha watoto chinyanya kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Watoto wawili wa tumbo moja wakaugua ndani ya wiki moja kwa sababu walikuwa wanakula sinia moja. Na baba yao hakuugua, ndiyo, kwa sababu miezi ile alikuwa kwenye kibarua mjini anakula wali.

Hicho kikao kiliona watoto wawili wa mama mmoja kikasema damu. Kimbweta kingeona watoto wawili wa mama mmoja kingesema mitokondria. Tofauti ni lugha tu.

Na wakati watu wanatafuta mchawi, dawa yake ilikuwa ndogo kiasi cha kukera. Profesa Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, akishirikiana na wataalamu wetu wa chakula na lishe, walileta kusini njia ya kulowanisha unga: unachukua unga wa muhogo, unauchanganya na maji, unautandaza ufiche kidole kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi inaruka hewani, unapika. Maji yanayohitajika ni machache, hata kwa Newala. Mamkubwa anafanya hivyo mpaka leo, hata kwa muhogo mtamu usio na shida. Ukimwambia huu hauna haja anakuangalia tu.

Mshikaji jana usiku nilimtumia sehemu ya haya. Akajibu: "Sawa mwalimu, ila Newala nani atapima polimerasi gama?" Akaweka na vicheko vitatu. Nakujibu hapa hadharani. Hakuna atakayepima. Mama wa kijijini akizaa mtoto aliyelegea hatapata jibu la jeni. Atapata maneno ya watu, basi, na maneno hayo ndiyo yatakayoamua kama analala kwake usiku huo au anafunga vyombo kwenye baiskeli. Pale ambapo hakuna maabara, sentensi ya mwalimu wa baiolojia ndiyo maabara. Wewe na mimi tunakwenda kuwa watu wa kwanza, pengine wa mwisho, kumwambia mtoto wa Masasi ugonjwa unarithiwaje. Halafu tumwambie nusu?

Na mimi nina dhambi, bora niiseme mwenyewe kabla hamjanikumbusha. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha nne, mada ya urithi. Nikaandika ubaoni sentensi ile ile ya desa: mitokondria hurithiwa kwa mama. Nukta. Muda ulikuwa umebaki dakika tano na msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Binti mmoja wa dawati la dirishani akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mdogo wangu ambaye hatembei, kampata kwa mama?" Nikamwambia swali zuri, tutalifikia kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilikuwa cha kusahihisha zoezi. Sikulifikia. Msimamizi alinipa alama nzuri kwa kutunza muda.

Yule binti ameshamaliza shule. Namba yake sina, na hata ningekuwa nayo sijui ningeanzia wapi.

Mwezi wa saba tunatoka tena. Nimeomba Newala, nikikosa basi Masasi. Andalio la somo nimeshaandika, lina mchoro wa duara moja na mishale mingi inayotoka kwenye kiini, na vipindi viwili badala ya kimoja, wakaguzi wanisamehe. Desa la jenetiki nalo nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu, liko chumbani kwangu, anayetaka kopi aje alichukue ila alirudishe kabla ya UE.

Mshikaji, kimbweta kile kile, kesho saa kumi jioni. Uje na wale waliopiga meza.